Ubeti wa Somoe

"Kuimba hakujamsaidia mtumishi hata mmoja, ni kisingizio cha kukwepa kazi." Hayo ni maneno ya mumeo, mjukuu wangu Rehema, uliyoyaandika baada ya shikamoo. Marahaba. Hapa Temeke sote wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Ila mumeo amekosea, na umsomee haya kwa sauti.

Enzi ya Mwingereza nilikuwa yaya. Kila Jumapili sisi mayaya tuliotoka bara na kusini tulikutana Kinondoni kuimba. Kila mmoja alikuwa na ubeti wake. Asipokuja, tukifika kwenye ubeti huo tulipiga makofi tu, bila maneno, ili pengo lake lisikike.

Ubeti wa Somoe, binti wa Lindi, ulipokuwa mtupu Jumapili ya pili, hatukungoja ya tatu. Tulikwenda uzunguni alikofanya kazi, tukaimba nje ya ua.

Memsabu, bibi Mzungu mwenye nyumba, akatoka. "Nani kawaita?"

"Hakuna, memsabu," akajibu Mama Zuhura, kiongozi wetu. "Tunamngoja mwenzetu amalizie wimbo."

Tukapiga makofi. Kutoka stoo ya jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa, Somoe akauimba ubeti wake. Majirani walikwishatoka barazani kusikiliza. Memsabu akaenda kutafuta ufunguo.

Yaliyompata humo sitayaandika. Tuliondoka naye.

Sasa binti anayekulelea watoto anaomba Jumapili aende kwaya, nanyi mnamfungia geti. Mfungulieni, wewe na mumeo, Jumapili hii hii.

Bibi yako