Mlango wa Mboje

Chrispin mjukuu wangu,

Uji uko kwenye chupa. Maharage uyapashe, na kuku usiwape mtama tena, wameshakula.

Asubuhi ulipotoka na pikipiki nimemkuta Scola, mke wa mpangaji wetu Mboje, ananyonyesha mtoto nyuma ya kanga aliyotundika mlangoni. Mlango wenyewe hamna! "Chrispin ameung'oa, bibi. Anasema tuhame, rafiki yake anataka chumba."

Hee, mume wangu! Hii nyumba ulijenga lini? Mimi na Mboje tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akae mpaka Desemba. Mpangaji akitakiwa kuhama anapewa barua mapema. Nyundo siyo barua.

~~Nimeenda kwa mwenyekiti kukushtaki.~~ Hapana, nimekuonea huruma. Nimeenda sokoni tu.

Ila fundi Oduol alikuwa anapita, nikamwomba awafungie akina Mboje mlango. Umekaa vizuri kabisa, kama umechongwa kwa ajili yao. Ni ule wa chumba chako.

Siku utakapourudisha ule uliouficha, Oduol atakufungia wako. Kwa sasa Scola amekuazima kanga yake, iko juu ya kiti. Uitundike mapema, baridi ya Tarime unaijua.

Bibi yako, mwenye nyumba