Nyumba Iliyoitwa Tupu

Jumanne, Kabiro

Ule msonyo wa Dani, nyanya yangu. Mrefu, hata sufuria nadhani ilisikia.

Nilikuwa nikimsomea historia niliyopewa kuandika ya ile hoteli ya Mji wa Kale, Mombasa, iliyokuwa nyumba ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Nilimwonyesha na picha. Nikafika pale nilipoandika kwamba baada ya tajiri kufa nyumba ilikaa tupu miaka mingi, mpaka hoteli ikaja kuiokoa. Ndipo akasonya.

"Tupu? Kwani mimi nilikuwa popo?"

Nilijua babu alibeba mizigo bandarini. Sikujua yeye na Dani walipanga chumba katika nyumba hiyo, mlimokaa familia tisa, kila moja na jiko lake.

"Baba yako amezaliwa huko juu, nikishikilia hiyo mlango yenu ya maua."

Mlango huo wa nakshi wa ghorofani nimeusifu aya nzima.

Akacheka, akaendelea kukata sukuma wiki. Nikaisoma tena sentensi yangu. Tumepanga hapa Kabiro tangu nizaliwe, na bado niliandika kwamba nyumba ya wapangaji ni nyumba tupu.

Mwenye hoteli anaipenda sentensi hiyo kuliko zote. Ni kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na naogopa nikiibadilisha ataniambia niache kazi.

Mchana Dani alinitajia familia zote tisa bila kukwama. Nimeifuta sentensi, nimeweka majina yao mahali pake, na kabla ya giza nilikuwa nimeshamtumia mwenye hoteli.