Chuma cha Wacera

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mtambo wa kuchimba kisima umeingia ploti yetu hapa Tassia! Mrefu kupita ghorofa ya tatu. Na mkuu wa vipimo ni nani? Wacera, mtoto wa dada yangu! Mimi ndiye nilimfundisha kufungua redio. Shule niliachia darasa la saba – akili haikuachia hapo. Nikawatangazia wapangaji: maji yako mita themanini, nayasikia kwa nyayo. Mke wangu Wanja akacheka, eti nyayo hizo hizo ziliniangusha mtaroni Mukuru. Acheke. Yeye ndiye hupanda na mtungi hadi ghorofa ya nne, na goti lake lililopasuliwa hospitalini.

Jumatano, 12 Februari

Mita themanini: vumbi tupu. Nikasema nilipima kwa mita za zamani.

Lakini leo nimeona maajabu. Nyuma ya keekee, ile ncha inayotoboa jiwe, kuna bomba lenye masikio. Linarusha mawimbi ya umeme ndani ya jiwe huku keekee inazunguka! Jiwe kavu hukataa umeme, lenye maji huupitisha. Halafu habari inapanda juu kupitia udongo wenyewe – waya hakuna! – hadi kwenye chuma alichopigilia Wacera ardhini kando ya kibanda changu cha kuchomelea. Kompyuta inachora mstari. “Anko, hapa ni jiwe la volkano. Hapa ni majivu yake, ya kale sana.” Mimi niliyewahi kunyanyua injini ya lori peke yangu, nilikaa chini kwenye ndoo. Tunaishi juu ya haya yote, tunakaanga mayai, hatujui!

Alhamisi, 13 Februari

Nimechomelea mageti mchana kutwa. Mita mia na tisini. Mstari unarukaruka kama kuku aliyechinjwa, hausomeki. Wacera hajala. Mkubwa wake kapiga simu: kesho saa sita mchana, kama hakuna vipimo vya kuaminika, mtambo unahamia Buruburu. Wanja alichukua mtungi, akashuka.

Ijumaa, 14 Februari

Saa tatu stima zikapotea mtaani. Mtambo una injini yake, ukaendelea – na mstari ukanyooka! Stima zikarudi, nikachomelea kidogo, ukaruka.

Ngai!

Fundi wa huku akiona chuma kimesimama ardhini, anabana ethi yake hapo, ile waya ya kurudishia stima ya kuchomelea. Jana nilibana yangu kwenye chuma cha Wacera. Mawe yananong’ona toka chini, mimi nayapigia kelele juu.

Nikaibandua polepole. Mita mia mbili na nne – mstari ukashuka, umeme unapita! “Kumelowa!” Wacera akalia. Lakini mkubwa wake kwenye simu hataki: jana upuuzi, leo maji? Aambiwe kilichoharibu, au wafunge mizigo.

“Anko, wewe ni mtu wa stima. Ni nini hiki?”

Wapangaji wote wakanigeukia. Nikasema nakuja.

Niko kibandani. Saa sita kasoro dakika kumi. Wanja amesimama mlangoni na mtungi mtupu. Hatazami uso wangu. Anatazama ethi, bado iko mkononi mwangu. Nafunga daftari, natoka nayo kwa Wacera.