Soja wa Kwenye Filamu

Ndugu yangu Barasa,

Ijumaa iliyopita tuliitazama tena ile filamu ya bwana harusi na suti ya kuazima. Sikuweza kuimaliza, na ndiyo maana nakuandikia. Niko Abu Hamour bado, kambi ile ile, chumba kile kile. Kitandani pako sasa analala Odhiambo, baba wa watoto wawili kutoka Kisumu. Mtu mzuri. Ungempenda.

Wewe ndiye uliyeileta, uliporudi kutoka likizo Bungoma, diski umeiviringisha ndani ya soksi isikwaruzike. Mimi nilikuwa na miezi minne tu Doha na sikuwa nimecheka tangu nishuke kwenye ndege. Ulikuwa umekwisha kunifundisha kusimama lindoni kwa saa kumi na mbili bila magoti kufa ganzi. Siku hiyo ukaniambia, ukilisubiri neno lifunguke kama kawaida yako, "S-Salim, leo utacheka, utake usitake."

Nikacheka kweli. Bwana harusi ameingia ukweni na suti ya watu, kumbe mwenye suti ndiye mjomba wa bibi harusi, amekaa palepale, na kila mara kijana akitaka kukaa mjomba anamkemea, "Usiikunje hiyo, baba!" Tulikuwa watu zaidi ya kumi chumbani, Wakenya na Waganda, na Mnepali wa chumba cha pili alikuja mbio kuuliza nani ameumia.

Halafu akaja yule soja wa getini mwenye kigugumizi. Hadi amalize kuita "mwizi", wezi wameshabeba makochi na kuondoka.

Mimi ndiye niliyeinuka, Barasa. Nilivaa kofia ya kazi, nikashika fagio, nikasema, "M-m-m-mwi..." Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Nakumbuka nilikutazama kwanza. Ulikuwa unacheka, nami nikakichukua kicheko chako kama ruhusa. Tangu hapo ikawa kila Ijumaa, "Salim, tutolee soja!" Nami nawatolea. Haukupita muda, wenzetu wakawa wanakujibu kwa kigugumizi hivyo hivyo kwenye redio ukiwa kazini, ukiita lango la pili.

Ulipoomba kuhamishiwa Umm Salal, kulinda geti la shamba, ulisema kule kuna utulivu. Niliamini. Nilikutania hata kwamba umewafuata mbuzi. Ukikaa kule siku nzima huna haja ya kuongea na mtu kwenye redio, hilo sikulifikiria. Na Ijumaa ulipokuja kututembelea, filamu ikifika kwa yule soja uliinuka kwenda kupika chai. Kila mara. Nami niliisifu chai yako.

Moyo wako ulipokusaliti nilikaa nawe hospitali siku zote tatu. Nilidhani hakuna nisilolijua juu yako. Nikakusindikiza ukiwa ndani ya jeneza hadi uwanja wa ndege, pale ndugu zetu wanapopokelewa kama mizigo, nikarudi kambini nikiwa na viatu vyako mkononi, sijui kwa nini.

Sasa Ijumaa hii iliyopita. Siku hizi filamu inatoka kwenye simu na kuonekana kwenye televisheni kubwa ya ukumbini. Wageni wengi hawakuwahi kuiona. Kwenye suti walicheka, Odhiambo akateleza kitini, nami nikajisikia fahari kama vile niliitunga mimi. Nikawaza, kumbe kichekesho kizuri hakichachi. Soja akatokea. Nikasubiri ukumbi uanguke.

Kimya.

Odhiambo akageuka, wala si kwa hasira, akauliza, "Sasa hapa tunacheka nini? Si ni mtu tu anaongea?"

Mwenye simu akapeleka mbele. Nikatoka nje, nikasimama kwenye matangi ya maji, jua la saa tisa limeniwakia kichwani, na yote yakanijia kwa mpigo: chai, redio, Umm Salal.

Ningeweza kujitetea kwamba zamani mambo yalikuwa hivyo. Lakini kile kipande hakikuchacha juzi, Barasa. Kilikuwa kimechacha siku ile ile ya kwanza, ila aliyeuonja uchungu wake alikuwa mmoja, naye alinyamaza ili sisi tuendelee kufurahi.

Nilimpigia mkeo Nekesa, nikamwambia yote bila kujificha. Kisha akasema, "Shemeji, akija likizo alikuwa anakuigiza wewe. Unavyotembea kama umekanyaga mayai, na hiyo 'yakhe' yako ya Kipwani. Watoto walikuwa wanalia kwa kicheko." Akaongeza, "Lakini hiyo ya soja hakuwahi kutuambia. Alitwambia tu wewe ni rafiki yake."

Miaka yote hiyo, jina langu lilikuwa linaingia nyumbani kwako likiwa safi.

Desemba nina likizo. Nitakuja Bungoma kabla ya kufika kwetu Mombasa; mama yangu nimeshamweleza, amekubali kusubiri. Nitakaa mbele ya mama yako, nimwambie kwa kinywa changu nilichokufanyia. Halafu nitawaomba wanao waniigize, mbele ya wote, kama ulivyowafundisha. Nitakaa kimya nichekwe hadi wachoke. Nakuahidi hilo.

Kwetu Pwani tunamwombea marehemu kauli thabiti, ulimi usimsaliti akiulizwa kaburini. Wewe ulikuwa Mkristo, na dua hii si ya kwenu, lakini ndiyo niliyo nayo. Nimeitamka misibani tangu utotoni bila kuisikia. Jana nilipokuombea niliisikia. Kauli yako ilikuwa thabiti ungali hai, ndugu yangu. Sisi ndio hatukuwa na subira ya kuingoja ifike.

Lala salama. Nisamehe.

Salim