Salamu Iliyokimaliza Kikosi cha Mwanangu

Jumapili. Tangu alfajiri mbingu imenuna, mvua haishuki wala haiondoki. Nguo za juzi ziko kambani, bado mbichi. Na mimi nimenuna nayo.

Leo siku ya tatu Zuhura hanisemeshi. Kuamkia anaamkia, hilo hajaliacha, nimemlea mwenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Basi, maneno yamekwisha. Anakula matonge mawili, anaosha sahani yake, anaingia chumbani.

Heri angenifokea.

Kwa msiomjua, Zuhura ni binti yangu wa pekee, ana miaka ishirini na nne, na hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, kama yuko mwingine mfano wake nileteeni nimwone. Mimi niliishia la saba kule Jibondo. Yeye kamaliza kidato cha sita, anatengeneza kompyuta za watu, na msimu wa papa potwe ndiye anayepanda boti na wageni kwenda kuwatazama. Watu wazima na ndevu zao, akiwaambia "bado, msiruke majini," hawaruki. Mpaka wale wa hifadhi ya bahari wanamuulizia kwa jina. Sijisifu, nasema kilichopo.

Kompyuta yake kainunua kwa misimu miwili ya boti hiyo. Na humo ndani ya kompyuta mwanangu alikuwa kiongozi wa kikosi.

Ni mchezo wa vita. Si ule wa kupiga risasi ovyo kama wa watoto wa pale kwenye kibanda cha gemu. Huu wanacheza watu wengi, kila mmoja yuko kwao, na wote wanasikilizana kwa hedifoni. Kuna ramani, kuna redio, kuna wa kubeba dawa, na ukipigwa risasi moja ya sawasawa umekwisha. Kikosi chake cha watu wanane, yeye mmojawapo: Tanga, Mwanza, Mombasa, na mmoja yuko Komoro huko. Wenzake wanaume watupu, na anayewaambia "lala chini" ni mwanangu. Na wanalala.

Siku ya kwanza nilipomkuta anasema peke yake na ukuta nilitaka nimwite shehe aje amsomee. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanivisha hedifoni, akanionyesha kitufe cha kubonyeza, akasema, "Wasalimie wenzangu, mama."

Nikabonyeza. "Hamjambo wanangu? Mmekula?"

Wakajibu wote saba, mmoja mmoja, "Shikamoo mama." Nilikaa na salamu hiyo moyoni wiki nzima.

Tangu hapo ikawa ada. Kila wanapotaka kutoka kambini kwao mle mchezoni, mama awasalimie. Walisema siku nisiposalimia mambo hayaendi. Mimi nami nikavimba. Kwetu Jibondo mtu hampiti mwenzie bila kumjulia hali, hata awe na ndoo ya maji kichwani na shingo inamuuma. Nikasema, kumbe hata vitani salamu yangu inatakiwa.

Ijumaa ndiyo ilikuwa fainali yao, baada ya alasiri. Wakishinda wangekutana Dar es Salaam, wote wanane, washindane na vikosi vya nchi nyingine. Miaka miwili wanapigana pamoja na hawajawahi kushikana mkono. Zuhura alikwisha toa begi lake juu ya kabati akalianika.

Sasa niseme kosa langu, nisizunguke.

Nilialika watu. Mama Kombo wa nyumba ya nyuma alikuwa amenichoma wiki ile. Alisema mbele za watu kisimani, "Wenzake wanalea, wako anapiga bunduki za hewa." Nikamwambia njoo Ijumaa uone. Nikamwalika na Mwalimu Neema, jirani yetu kutoka bara, maana yeye anajua mambo ya kompyuta na angenishuhudia. Nikakaanga kaimati. Kaimati zikanichelewesha, wageni nao wakaja na stori zao, na tulipoingia chumbani kikosi kilikuwa kimeshatoka kambini.

Bila salamu yangu.

Zuhura alikuwa kimya, kaukazia macho uso wa kompyuta. Kikosi kizima kilikuwa kimejificha ndani ya nyumba moja mbovu, kimebanana ukutani. Sikujua kwamba maadui walikuwa nje ya dirisha, hatua chache tu, na kwamba mwanangu alikuwa anasubiri wapite ili awatokee kwa nyuma. Mimi niliona watu wamekaa tu. Nikasema moyoni, nafasi hii.

Nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikasogeza kichwa kwenye hedifoni yake, nikabonyeza kitufe changu.

"Hamjambo wanangu? Leo nimechelewa, nina wageni."

Hakuna aliyejibu. Kisha ikatoka humo hedifonini sauti nisiyoijua, ya kijana, tena ya adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema.

Bomu likaingia dirishani.

Kumbe vitufe ni viwili. Kimoja cha redio, wanasikia wenzio peke yao. Kingine ni kama kusema kwa mdomo, anasikia yeyote aliyesimama karibu, awe rafiki awe adui. Kambini nilikuwa nabonyeza hicho cha mdomo, maana wote walikuwa wamesimama pamoja. Hakuna aliyeniambia tofauti. Na mimi sikuuliza, nilidhani nimeshajua.

Mama Kombo akaangalia wale wanane. "Mbona wamelala?"

"Wanapumzika," nikamjibu. Ulimi huu, hata pale ulikuwa unatafuta sifa.

Zuhura alivua hedifoni taratibu, akaiweka mezani kama mtu anayeweka yai. Hakunitazama. Mwalimu Neema akamshika Mama Kombo mkono, wakatoka, kaimati hazikuliwa.

Jana akanipigia Hamadi, yule wa Tanga, msaidizi wake. Nilidhani ananipigia kunilaumu, nikajiandaa kuomba radhi.

"Mama, mwambie arudi," akasema. "Kajiuzulu kabla hatujakaa kulizungumza. Tumemwambia ni bahati mbaya, hasikii."

"Si kosa lake, baba. Ni mimi."

"Katwambia yeye ndiye aliyekuomba utusalimie pale. Kasema ilikuwa amri yake, na lawama yake."

Nilikaa chini kwenye kizingiti na simu mkononi.

Hakuniomba. Nyie mnajua sasa kwamba hakuniomba. Wawili kati yao walikuwa wameanza kusema maneno juu ya mama wa kiongozi, ndivyo alivyonieleza Hamadi, na mwanangu akaingia mbele akayapokea yeye. Akaacha kikosi ili mimi nisisemwe na vijana ambao hata sura yangu hawaijui.

Nimesema sana kwamba mwanangu ni kiongozi. Nimelisema kisimani, sokoni, arusini kwa watu. Na siku alipouonyesha huo uongozi kuliko siku zote, alikuwa ananikinga mimi, na sikuwa na habari.

Nilimwambia Hamadi ukweli wote, nikamwambia awaeleze wenzake kama nilivyosema. Akasema, "Sawa mama, nitawaambia." Sijui kama itatosha. Dar ndiyo haipo tena, hiyo imekwenda na wale walioshinda.

Leo mchana nilikwenda mlangoni kwake. Katia komeo kwa ndani, kalifunga mwenyewe kwa bisibisi yake. Nyumba hii haijawahi kuwa na komeo la ndani. Maisha yangu yote nilikuwa nainua pazia tu na kuingia. Nikasimama pale, nikapiga hodi kwa mtoto niliyemzaa.

"Mama, si leo," akasema.

Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka nimwambie Hamadi kapiga, kwamba najua alichonifanyia, kwamba hakuna mama hapa Mafia nzima mwenye mtoto kama wangu. Nikayameza yote nikarudi jikoni.

Asubuhi nitakwenda tena. Nitapiga hodi moja, kisha ninyamaze, na nisimame hapo mpaka aseme mwenyewe, ikiwa atasema.

Je, nitaweza kunyamaza?