Siku Damu Yangu Ilipokataa Kuitika

Dada Anastazia, shikamoo.

Kwanza ujue barua hii inatoka kwa mtu mkubwa. Katika hospitali hii ya Dar hakuna daktari, awe wa moyo au wa figo, anayeingia kazini mpaka mimi niinue mkono. Wenye wivu wanasema mimi ni mlinzi wa geti tu. Waache. Huko Milanzi mnaendeleaje? Baridi imeanza kuuma? Ulezi mmeshavuna? Goti la mama je? Mimi nadunda, ila joto la huku linanipika.

Mwanao Scola amepona. Nimelitanguliza hilo ili upumue, maana najua tangu umpandishe basi na ndoo yake ya dagaa wa Kirando hujalala vizuri. Mafindofindo yamekatwa, damu ikatoka kidogo, ikakata. Ikakata, dada! Mtoto ambaye aking'oka jino tunabadilisha mashuka!

Sasa sikiliza. Daktari alikataa kumgusa koo mpaka ijulikane kwa nini damu yake haigandi. Neema, binti wa Mbeya anayefanya kazi maabara, alinieleza kwamba kwenye damu kuna vichembe ambavyo kazi yao ni kuziba palipochanika. Unakumbuka ng'ombe wa baba alipotumbukia korongoni nikamtoa peke yangu? Haya, mlinisaidia kidogo. Lakini mlijuaje? Mimi nilipiga yowe, jirani akasikia, akaja huku naye anapiga yowe, mpaka watu wakajaa. Vichembe ndivyo vilivyo. Pakichanika, kuna kemikali inayovipa habari. Kichembe kikiipata kinavimba, kinaota miguu, kinamshika mwenzake, halafu nacho kinamwaga kemikali ya kuita wengine. Rundo lao ndilo linaloziba.

Wakitaka kuvipima wanazungusha damu kwenye mashine, wanapata maji ya njano yenye ukungu kama togwa, kisha wanadondoshea kemikali moja moja. Vichembe vikiitika vinashikana, ukungu unaondoka. Na lazima pembeni iwepo damu ya mtu mwenye afya, ya kulinganishia. Nani kama mimi?

Neema akaniuliza, "Mjomba, siku hizi kumi hujameza dawa yoyote? Hata ya kichwa?"

"Binti, mimi nimekulia Ufipa. Dawa nazisikia redioni."

Kemikali ya kwanza, damu yangu safi. Ya pili, ukungu ukabaki vilevile. Ya Scola nayo hivyohivyo. Neema akarudia. Wapi! Akamwita daktari, wakaanza kunong'ona: ama kemikali imeharibika, vipimo vyote vitupwe, ama huu ni ugonjwa wa ukoo, basi na mama yake aitwe. Yaani wewe usafiri kutoka Sumbawanga kwa sababu ya mdomo wangu!

Scola akanigeukia. "Mjomba, zile aspirini za asubuhi unawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Nikasema. Nikasema kichwa kilikuwa kinauma. Neema hakunifokea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akanieleza kuwa aspirini inaviziba vichembe midomo: havimwagi tena ile kemikali ya kuita wenzao. Na vikishazibwa havizibuki, mpaka vife, mwili utengeneze vingine. Ndizo hizo siku kumi. Mwanao akazisubiri kwa ajili yangu, koo limevimba, anakunywa uji kwa mrija, bila kunitolea neno baya hata moja.

Tulipopimwa upya, yangu ikashikana kama uji wa ulezi uliosahauliwa jikoni. Ya Scola ikanyamaza palepale. Hapo ndipo ikajulikana: amezaliwa na vichembe visivyojua kuita. Si kulogwa, waambie wote waliosema. Daktari akampa dawa kabla ya kukata, na vichembe vya watu waliochangia damu vikawekwa tayari. Watu hao hatuwajui, dada. Sasa nikiinua mkono pale getini namsalimia kila anayepita, huenda ni mmoja wao.

Aspirini asimeze tena maishani, wala dawa ya maumivu ya kununua ovyo dukani. Aulize kwanza kituo cha afya. Mwambie shemeji, na mwenye duka pia.

Nisalimie mama, umwambie sala zake zimefika. Msalimie shemeji huko shambani, na katekista, na yule mwalimu jirani yako aliyekuchotea maji ulipokuwa unamuuguza mtoto. Asanteni sana. Na wewe asante kwa kuniamini ukanikabidhi mwanao.

Barua hii anakuja nayo Scola mwenyewe. Ameahidi kuficha jambo moja, lakini ni mwanao, atalisema kabla hajavua viatu. Bora ulisikie kwangu. Kichwa hakikuwa kinauma. Nilimeza zile aspirini mbili kwa kuogopa sindano, nikidhani zitaituliza. Ikauma vilevile, na aliyenishika mkono ni Scola.

Mdogo wako,
Deusi