Mwalimu Paschal Ndalahwa: Kipande Chako Hakiimbwi na Mtu

Baba, mwaka umetimia tangu ututoke, na bado lipo jambo linalotusisimua mwili kila tukilikumbuka.

Hapa Somanda tulikutania kwamba una familia mbili: sisi, na wanafunzi wako wa muziki wa kidato cha tano na sita. Kinanda kimoja kibovu, watoto arobaini. Tukadhani ni kazi tu. Kumbe!

Kila mtoto ulimpa kipande chake cha kuimba peke yake, na sharti lilikuwa moja: asipofika, kipande chake hakiimbwi na mtu. Mnanyamaza, mnahesabu mapigo, mnaendelea. Mazoezi yakiisha, kwaya nzima inakwenda kumtafuta. Mwanafunzi wako Limbu alipozuiwa na baba yake, Mzee Bujiku, asije kuimba, mlipanda Fuso hadi Malampaka. Hukubishana na mzee. Mlichuma pamba yake yote mkiimba, mpaka akasema, "Wabeja, asante sana, mwalimu. Haya, mchukue mwimbaji wako." Ulirudi vidole vimechanika, unacheka, na Mama anakugombeza: "Na magugu ya shamba letu je? Hayo huyaoni?"

Siku ya mazishi yako walikuja hata waliomaliza miaka kumi na mitano iliyopita, wengine na watoto mgongoni. Hawakufanya mazoezi, lakini kila mmoja alijua pake. Katikati ya wimbo wakanyamaza ghafla. Mama aliona aibu, akadhani wamesahau, akainuka awaanzishie. Limbu, ambaye sasa naye ni mwalimu, akamnong'oneza, "Mama, hapo ni pa mwalimu." Mapigo manane. Jamani! Hatujawahi kusikia umati ukinyamaza namna ile. Watu wakasimama wote bila kuambiwa.

Baada ya matanga Mama aliacha kuimba. Yeye, aliyeimba kanisani tangu usichana wake! Alijifungia ndani, tukambembeleza, wapi. Tuliogopa tutampoteza naye.

Jumamosi moja tukasikia hodi. Ni Limbu, na kwaya imejaa uani.

"Mama, kile kipande alichokutungia mwalimu mlipooana kina pengo."

"Mimi si mwanafunzi wenu."

"Mwalimu alisema tumtafute asiyefika. Hakusema lazima awe mwanafunzi."

Hawakumsihi zaidi. Walishika majembe wakapalilia shamba letu huku wakiimba, na kila walipofika pa Mama, kimya. Mara ya tatu uvumilivu ukamshinda. Aliimba humo humo jikoni, mwiko mkononi, na sisi tukalia kama watoto wadogo.

Jumamosi hii kwenye misa yako Mama ataimba. Kitakachobaki kimya ni kipande chako tu, na mapigo manane tutayahesabu sote.

Unakumbukwa na mkeo Felisita, wanao Gloria na Goodness, dada yako Kwandu wa Nyalikungu, na wanakwaya wako, waliokataa katakata kuandikwa "marafiki wa familia." Wamesema waandikwe watoto.

Hatutakusahau, Baba. Pengo lako hatulijazi.